Aliyepita Mbele ya Tundu

Jina langu ni Severina. Naishi Mafinga, kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na msitu wa misonobari. Mume wangu, Didas, ni seremala. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Mwalimu wetu aliniambia niandike jambo lililotupata mwaka 1973, ili wengine wasome. Nilimjibu kwamba bado nina hasira. Akasema, "Basi andika na hasira yako." Haya, naandika.

Didas na wenzake hufanya kazi kwenye karakana ya mabanzi. Banzi ni ule ubao wa kwanza unaotoka kwenye gogo, wenye gome upande mmoja. Mabanzi ya misonobari yana vifundo vingi. Yakikauka, vifundo hudondoka na kuacha matundu. Ukuta wa magharibi wa karakana yetu umejaa matundu ya namna hiyo. Mchana, jua likishapita utosini, miali yake huingia ndani kupitia humo.

Nje ya ukuta huo kuna njia ya miguu. Mtu akipita njiani, anayaziba matundu moja baada ya jingine. Ndani, mwanga unapungua kidogo, kisha unarudi. Kwa hiyo maseremala wanajua mtu anapita hata kama hawamwoni. Akipita mtoto, yanazibwa matundu ya chini tu. Akipita Mzee Kalinga, msimamizi wao, karakana nzima inaingia kiza, maana ni mtu mnene. Hapo wote huacha soga na kushika randa.

"Kiza hicho! Kazini!" Didas alikuwa akisema, na wenzake wakicheka.

Mbuke naye alipita hapo kila siku saa tisa, na ndoo ya maziwa kichwani. Mbuke ni jirani yetu, Msukuma. Yeye na mumewe Ngolo walihama kutoka kaskazini, wakakaa Usangu na ng'ombe wao. Baadaye Ngolo akapata kazi hapa Mafinga ya kupakia magogo kwenye malori. Mwaka nilipougua homa, Mbuke ndiye aliyewapikia wanangu wiki tatu. Naomba msomaji akumbuke hilo, kwa sababu sisi tulilisahau.

Tarehe 30 Juni, Jumamosi, jua lilipatwa. Tulikuwa tumesikia mapema kwamba siku hiyo sehemu ya jua itafunikwa na mwezi. Wengine waliogopa. Maseremala walikubaliana kujifungia ndani ya karakana mpaka lipite. Mimi nilikuwa nimewapelekea ugali, kwa hiyo nami nikafungiwa humo.

Didas hakutaka kukaa tu. "Sisi tuko ndani," alisema. "Jua halitupati. Tutachungulia kwa tundu dogo tu, basi."

Lazima nieleze jambo moja. Seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka, hufumba jicho moja na kuutazama ubao kwa jicho la pili, kuanzia ncha mpaka ncha. Didas alisifiwa kwa hilo. Jicho lake la kulia lilikuwa rula yake. Siku hiyo alifanya vilevile. Alifumba la kushoto, akabandika la kulia kwenye tundu lenye ukubwa wa punje ya hindi. Wenzake nao walijaribu. Machozi yaliwatoka, wakaacha. Didas akawacheka.

"Mna macho ya vifaranga," alisema, akarudi kwenye tundu lake. Alikaa pale muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mbao, nimegeukia ukuta wa mashariki. Nikaona kitu pale ukutani. Kilikuwa kiduara cha mwanga, kidogo kama kiazi, kimeng'atwa upande mmoja. Pembeni yake palikuwa na kingine, nacho kimeng'atwa hivyohivyo. Kila kiduara kilitoka kwenye tundu dogo la ukuta ule mwingine.

"Baba Philbert," nilimwita, "hebu geuka utazame huku. Kuna kitu ukutani."

"Nyamaza wewe! Huoni natazama jua?"

Nikanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka namna nilivyonyamaza, natamani kujipiga kofi.

Mara tundu lake likazibwa. Didas akaruka nyuma kwa mshtuko. "Nani huyo ananizibia?" alifoka. Akachungulia tena. Alikuwa Mbuke, anapita na ndoo yake, kajifunika khanga mpaka usoni. Alipokwisha kupita, Didas alibandika tena jicho lake.

Kesho yake asubuhi aliniambia, "Mama Philbert, nikifumba la kushoto sioni pua yako. Naona masikio tu. Katikati kuna doa jeusi."

"Linauma?"

"Haliumi hata kidogo."

Kwa kuwa haliumi, tulisubiri lipone lenyewe. Halikupona. Didas alitengeneza mlango, ukagoma kufunga. Akatengeneza meza, ikayumba. Mzee Kalinga akamwondoa kwenye kazi ya milango na kumpa kazi ya kufagia maranda, yale makapi ya mbao yanayotoka kwenye randa. Fundi aliyefanya kazi miaka kumi na mitano anafagia! Akawa mkali kwangu, kwa watoto, hata kwa kuku.

Mwezi wa nane alipata mtu wa kumtupia mzigo.

"Ni yule Msukuma," alisema. "Alipita mbele ya tundu. Kiza chake kimebaki jichoni mwangu."

Niliona kabisa kwamba maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Watu kila siku walipita mbele ya matundu yale, na hakuna aliyeacha kiza chake ndani. Lakini Didas aliyasema kilabuni, akayasema bombani kwenye maji, akayasema mpaka kwenye ngazi za kanisa. Watu wakayapokea kwa mikono miwili. Wakaacha kununua maziwa ya Mbuke. Siku moja mtu alimwagia ndoo yake mtaroni. Na mimi? Mume wangu aliniambia nisimsalimie, nikaacha kumsalimia. Mtu aliyewapikia wanangu! Nilikuwa nikimwona anakuja, nakata kona.

Mzee Kalinga, mbali na usimamizi wa karakana, ndiye pia balozi wetu wa nyumba kumi. Didas alimpelekea shauri. Alitaka Mbuke aondolewe, arudi Usangu alikotoka. Kikao kikapangwa Jumamosi tarehe 10 Novemba, saa tisa, ndani ya karakana.

Siku tatu kabla ya kikao, Mbuke alikuja mlangoni kwangu. Hakubisha hodi. Nikamkaribisha kiti.

"Yaya, sikai," alisema; yaya kwao ni hapana. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile wewe ulikuwa ndani. Uliona nini?"

"Nilimwona Didas anachungulia jua."

"Muda gani?"

"Mrefu."

"Na mimi nilipita muda gani?"

"Kufumba na kufumbua tu."

"Umeyasema hayo kwa nani?"

Mbuke alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hayakuwa machozi ya huruma. "Ng'ombe wangu wawili wako zizini, maziwa namwaga," alisema. "Ngolo kaambiwa atafute kazi kwingine. Na wewe unajua, umefunga mdomo. Didas ni mjinga. Wewe ni mbaya kuliko Didas."

Aliondoka. Nilikuwa nimewakasirikia Didas na Mbuke wote wawili, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alisema kweli.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Bwana Marcelino. Huyu ni bwana misitu. Kazi yake ni kulinda miti, na kwenye mnara wa zamu ana darubini ya macho mawili ya kutazamia moto. Jioni ndiye mwalimu wetu wa kisomo. Nilimkuta anasonga ugali.

"Kamwene, mwalimu," nilimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Karibu, Mama Philbert. Mbona unahema?"

Nilimweleza yote: tundu, jicho, Mbuke, viduara vilivyong'atwa ukutani. Nilipofika kwenye viduara, aliacha mwiko.

"Uliviona? Vimeng'atwa upande mmoja?"

"Ndiyo. Nilimwambia ageuke. Akaniambia ninyamaze."

Marcelino alipiga meza kwa ngumi. Sijawahi kumwona vile. "Lile lilikuwa jua lenyewe, mama! Tundu dogo linachora picha ya jua ukutani. Mwezi ulikuwa umelifunika upande, ndiyo maana ukaona limeng'atwa. Dawa ilikuwa nyuma ya mgongo wake! Angegeuka tu, angeona kila kitu na jicho lingekuwa zima."

"Na Mbuke?"

"Mbuke hana kosa lolote. Kikao ni Jumamosi hii?" Alikwenda kwenye kalenda yake ya ukutani, akaweka kidole. Kisha akacheka, cheko la hasira. "Jumamosi hii kuna kitu kitapita mbele ya jua. Mwambie Mzee Kalinga naomba nusu saa."

Jumamosi karakana ilijaa. Mbuke alikaa peke yake kwenye benchi, ameshika khanga kwa mikono miwili. Ngolo alisimama nyuma yake, kakunja uso. Didas alikuwa mbele, kavimba. Marcelino aliingia na darubini, kamba, na kipande cha ubao alichokibandika karatasi nyeupe.

"Kabla ya shauri," alisema, "leo kuna sayari inapita mbele ya jua. Inaitwa Utaridi. Sayari ni dunia kama hii yetu, inayozunguka jua. Ipo mbele ya jua tangu asubuhi. Itatoka saa kumi na robo. Nitawaonyesha bila mtu yeyote kulitazama jua."

Watu wakanong'ona. Mmoja akainuka aende kwenye tundu.

"Kaa chini!" Marcelino alifoka mpaka vumbi likatikisika. "Hakuna kutazama jua kwa jicho. Si kwa tundu, si kwa kioo chenye masizi, si ndani ya beseni la maji. Na kwa darubini ndiyo kabisa! Mnataka kujua kwa nini?"

Alimpa Didas patasi, akamwambia apanue lile tundu lake mpaka litoshe kioo cha darubini. Didas alisita. Mzee Kalinga akamwambia, "Fanya." Akafanya. Marcelino akaifunga darubini kwa kamba kwenye tundu, kioo kikubwa nje, kidogo ndani. Upande mmoja wa darubini aliuziba kwa kitambaa. Kisha akaokota kipande kimoja cha maranda sakafuni, akakiweka pale ambapo mtu angeweka jicho. Tukahesabu tu mpaka tano. Kile kipande kikaanza kufuka moshi.

"Hayo ni maranda," Marcelino alisema. "Ndani ya jicho kuna kioo kinachokusanya mwanga wa jua vilevile, hata bila darubini. Unachoma nyuma ya jicho. Pale nyuma hakuna maumivu, kwa hiyo hujui kama unaungua. Na ukiwa umejifungia kizani, mboni inapanuka, inaingiza jua zaidi. Kuchungulia kutoka ndani si salama. Ni hatari zaidi."

Nilimtazama Didas. Alikuwa anatazama kile kipande kilichoungua.

Marcelino aliweka ubao wenye karatasi mbali kidogo na darubini, akazungusha gurudumu la darubini mpaka picha ikatulia. Jua likatokea juu ya karatasi, la mviringo, kubwa kama sahani. Karibu na ukingo wake palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kama mbegu ya ulezi. Tulisogea kwa zamu, wote tumelipa jua mgongo.

"Ile ndiyo Utaridi," alisema. "Dunia nzima hiyo, ina milima. Ni ndogo tu mbele ya jua."

"Na imepunguza mwanga?" aliuliza Mzee Kalinga.

"Imepunguza, ila kidogo mno, huwezi kuhisi. Mzee, nyinyi humu mnajuaje kwamba mtu anapita nje?"

Maseremala wakatazamana. Ujanja wao ulikuwa umefichuka. "Matundu yanazibwa," mmoja alisema kwa aibu. "Akipita mzee, kiza kinakuwa kikubwa." Watu wakacheka kidogo, hata Mzee Kalinga.

"Basi sikilizeni. Kila nyota mnayoiona angani ni jua, ila liko mbali mno. Huenda nazo zina sayari zake. Sayari haing'ai yenyewe, na iko karibu na nyota yake, kwa hiyo hatuwezi kuiona. Lakini sayari kubwa, kubwa kuliko dunia yetu mara nyingi, ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota utapungua. Labda sehemu moja katika mia. Utapungua kwa saa kadhaa, kisha utarudi. Sayari ikizunguka na kupita tena, utapungua tena, baada ya muda uleule. Mtu mwenye chombo cha kupima mwanga akivumilia, atajua: kuna kitu kinapita pale. Tena atajua ukubwa wake, kama nyinyi mnavyomjua mzee na mtoto."

"Wameshaziona?" niliuliza.

"Bado. Hadi leo hakuna aliyezipata kwa njia hiyo. Wapo wataalamu wanaoiwaza. Siku moja watazipata." Akamgeukia Didas. "Kinachopita mbele ya mwanga hupunguza mwanga, kisha kinakwenda zake. Hakibaki. Mbuke alipita. Mwanga ulirudi au haukurudi?"

"Ulirudi," Didas alisema, chini chini. Kisha akapandisha sauti. "Lakini doa ninalo! Limetoka wapi?"

"Njoo. Fumba jicho la kushoto. Tazama karatasi. Unaiona nukta?"

"Siioni. Doa langu limeifunika."

"Sasa tazama mlangoni. Doa liko wapi?"

"Liko mlangoni."

"Tazama paa."

"Liko kwenye paa." Akageuza kichwa huku na huku. "Linanifuata."

"Nukta ya Utaridi haikufuati. Iko palepale kwenye karatasi, kila mtu anaiona. Doa lako linakufuata kwa sababu limo ndani ya jicho lako. Umelichoma wewe. Mbuke alipokuziba, alilipumzisha jicho lako kidogo. Ndiye mtu pekee aliyekusaidia siku ile."

Ndipo hasira yangu ya miezi minne ikatoka yote. Nilisimama.

"Si yeye pekee!" nilisema. "Mimi nilikuita! Nilikuambia geuka, ukaniambia ninyamaze! Na mimi mpumbavu nikanyamaza, siku ile na siku zote hizi. Mbuke alipika kwenye jiko langu, nami nikamkatia kona. Balozi, andika jina langu. Nilijua, nikafunga mdomo."

Mzee Kalinga alivua kofia yake, akaishika. "Didas," alisema, "una la kusema?"

Didas alimtazama Mbuke, akatazama miguu yake. "Nilikosea," alisema.

"Sijasikia," Mbuke alisema.

"Nilikosea."

Mbuke alisimama. "Kilabuni ulisema kwa sauti. Bombani ulisema kwa sauti. Mpaka kanisani. Leo umekuwa bubu? Sema jicho kaliharibu nani!"

Didas alivuta pumzi. "Jicho langu nililiharibu mwenyewe!" alipaza sauti, na mishipa ya shingo ikamtoka. "Mbuke hajanifanya kitu! Nilimsingizia!"

"Sasa nimesikia," Mbuke alisema. Hakutabasamu. "Kesho ukaseme na kanisani."

Wakati huo Marcelino alituita. Nukta ilikuwa imegusa ukingo wa jua. Tukatazama ikitoka polepole, mpaka ukingo ukawa mzima. Mbuke alitazama pia, kasimama kando yangu.

Jumapili Didas alisema kanisani, amesimama ngazini, mvua ikimnyeshea. Jumatatu Marcelino alimpeleka hospitali Iringa. Daktari alisema hakuna dawa ya kuondoa kovu hilo. Angekuja mapema, wangemwangalia mapema, lakini dawa ya kweli ilikuwa kutolitazama jua. Didas alianza kujifunza kupima mbao kwa jicho la kushoto. Alilia mara mbili, nikamwacha alie. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alitengeneza mlango, ukafunga. Mzee Kalinga akamrudishia kazi yake.

Lile tundu hawakuliziba. Didas alilitengenezea kifuniko chenye kitundu kidogo katikati, na kwenye ukuta wa mashariki akapigilia ubao mweupe. Watoto wa shule huja kutazama jua pale, wakiwa wamelipa mgongo. Juu ya tundu mimi mwenyewe niliandika kwa rangi: GEUKA. Ni neno la kwanza nililoandika ukutani maishani mwangu.

Mbuke alikaa miezi miwili bila kuongea nami. Sikumlaumu. Siku moja mwezi wa kwanza, Didas akiwa bado anajifunza, nilikuwa karakanani, nimepeleka chakula. Ilikuwa saa tisa. Didas alikuwa ameinamia ubao, kafumba jicho la kulia. Matundu ya ukutani yakazibwa moja baada ya jingine, na mwanga ukapungua. Maseremala wakainua vichwa.

"Ni Mbuke," Didas alisema. Akaweka ubao chini, akachukua kikombe na hela ya maziwa, akaenda kufungua mlango.